Upepo Una Uzito: Kujaza na Kutumia Mtungi wa Kubebea

(Mhadhara uliotolewa Morogoro mbele ya mafundi wa magari, mafundi pancha, madereva na wanafunzi wa ufundi. Umechapwa kama ulivyosemwa, ila salamu na marudio machache yameondolewa.)



Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie vifaa vya gereji kwa ujumla. Nikamwomba Mwenyekiti wa mkutano huu aniruhusu nichague kimoja tu, tena kile kisichoheshimiwa na mtu: mtungi mdogo wa upepo, ule wa kubeba kwa mkono, wenye geji juu na mpira mfupi ubavuni. Kompresa inaheshimiwa kwa sababu inapiga kelele na inakula umeme. Jeki inaheshimiwa kwa sababu kila mmoja wetu anamjua mtu aliyeangukiwa na gari. Mtungi wa upepo umekaa pembeni kimya, watoto wanaukalia kama kigoda, na fundi ukimuuliza kuna nini ndani, anakujibu, "Upepo tu."

Hilo "tu" ndilo lililonileta hapa. Nia yangu leo ni kuonyesha kwamba kilichomo mle ndani ni kitu hasa: kinapimika, kina uzito, kinabeba maji, na kinaweza kuua. Kisha nieleze namna ya kukijaza na kukitumia. Nina hoja sita. Hazilingani kwa urefu, kwa kuwa nyingine mnazijua kuliko mimi na nitazipita mbio.

Kwanza neno moja kuhusu lugha, wanafunzi wasije wakanikosoa. Vitabu vyenu vinasema "hewa" na "shinikizo". Gereji tunasema "upepo" na "presha". Leo tuko gereji. Na neno "mtungi" lenyewe, bibi zetu walipolitamka walikuwa na maana ya chombo cha udongo cha maji ya kunywa, kilichokaa kwenye kona ya nyumba na kata yake juu. Uwekeni akilini mtungi huo wa bibi. Tutaurudia.

Hoja ya kwanza: upepo ni kitu

Angalieni Kiswahili chetu cha siku hizi kilivyoidhalilisha hewa. Mfanyakazi asiyekuwepo anayelipwa mshahara ni mfanyakazi hewa. Ahadi isiyotimizwa ni ahadi hewa. Hewa imekuwa jina la kitu kisichokuwepo. Lakini wahunzi wetu wa zamani wasingekubali. Watu wa Buhaya, kule Kagera, walikuwa wakiyeyusha chuma tangu zaidi ya miaka 1500 iliyopita, na mivukuto yao ilikuwa nusu ya kazi. Ukiwaambia upepo si kitu, wangekupa mvukuto ushike tangu asubuhi mpaka jioni.

Juzi nilifanya jaribio. Nina mtungi wa lita 40. Niliuchukua ukiwa mtupu, koki wazi, nikaenda nao duka la nafaka jirani na kwangu, nikamwomba mwenye duka aupime kwenye mizani yake ya mchele. Akaandika uzito kwenye kipande cha boksi. Nikaenda kuujaza hadi psi 125, nikarudi. Mshale wa mizani ukapanda karibu gramu 400. Yule bwana akanitazama kwa jicho la mtu aliyewahi kuuziwa mchele wenye mawe. "Fundi, umetia maji." Nikafungua koki palepale. Mtungi ukapiga mluzi, pumba zikaruka hadi kwenye dari, wateja wawili wakatoka mbio. Tukapima tena, uzito ukarudi ulipokuwa. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kama upepo nao siku hizi unauzwa kwa kilo.

Karibu nusu kilo, ndugu zangu. Zimetoka wapi? Mwaka 1662 mwanasayansi Robert Boyle alieleza kanuni ambayo wanafunzi mmeikariri: hewa ukiibana ibaki nusu ya nafasi yake, presha yake inakuwa maradufu, ilimradi joto halibadiliki. Hewa hii inayotuzunguka ina presha ya psi 14.7 kule usawa wa bahari, ila geji zetu zinaanza kuhesabu hapo na kupaita sifuri. Kwa hiyo geji ikisoma 125, ndani mmeshindiliwa upepo mara nane na nusu zaidi ya ule uliokuwemo mwanzo. Mtungi wa lita 40 umebeba lita 340 za ziada. Lita moja ina uzito wa gramu moja na kitu. Pigeni hesabu, mtaikuta mizani ya mchele haikusema uongo.

Sasa geuzeni hesabu hiyo muitazame upande wa chuma. Psi 125 ni karibu kilo 9 kwa kila sentimita ya mraba. Kama kifuniko cha mwisho cha mtungi kina upana wa sentimita 30, kinasukumwa kwa nguvu ya tani 6 usiku na mchana, mtungi ukiwa umekaa tu pembeni na mtoto juu yake. Na nguvu iliyohifadhiwa mle ndani, ikitoka yote kwa mpigo mmoja, inatosha kurusha gari dogo la tani moja juu zaidi ya mita 3. Ndiyo maana chombo hiki kinapopasuka hakisikiki kama tairi. Kinaruka.

Hoja ya pili: kujaza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pana makosa mengi, tena ya watu wazoefu.

Mtungi halali una vitu vinne kichwani: geji, koki ya kufungulia upepo uende kwenye mpira, valvu ya kujazia, na valvu ya usalama. Valvu ya kujazia ni ileile iliyoko kwenye tairi la gari. Ni kazi ya August Schrader, aliyeibuni mwaka 1891, miaka mitatu baada ya John Boyd Dunlop kupata hataza ya tairi la upepo alilolitengeneza kule Belfast kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Zaidi ya miaka 130 imepita na bado tunaitumia ileile. Kwa hiyo kichwa cha mpira kinachojaza tairi ndicho kitakachojaza mtungi. Usikubali kuuziwa kingine.

Valvu ya usalama ndiyo ile ndogo yenye pete. Kabla hujajaza chochote, ivute pete wakati mtungi una upepo kidogo. Itoe sauti, kisha ifunge yenyewe. Isipotoa sauti, imeganda kwa kutu na mtungi hauna usalama. Ikitoa sauti isifunge, ina uchafu. Kuna mafundi, na wengine wamo humu, sitawatazama, ambao ikianza kuvuja wanaing'oa na kuziba tundu kwa bolti na tepu ya nyuzi. Mtu wa namna hiyo amekata breki za gari kwa sababu zilikuwa zinapiga kelele.

Halafu soma kibati. Mitungi mingi ya kubebea imeandikwa mwisho psi 125. Hiyo ni amri, na haihusiani na kompresa yako inaweza kufika wapi. Kompresa ndogo nyingi za gereji zinakata zenyewe kwenye psi 115 hivi, kwa hiyo haziwezi kuuzidi mtungi. Lakini zile kubwa za vituo vya malori huweza kufika psi 150 au zaidi. Ukiuchomeka mtungi wako pale ukaenda kunywa chai, umemwachia roho yako kijana wa kituo.

Sasa jaza. Weka mtungi chini, usiushike mapajani. Funga koki ya mpira. Subiri kompresa ingurume mpaka ikate yenyewe, ndipo uchomeke. Ukichomeka wakati kompresa imeshuka kwenye psi 90 na bado haijawaka, mtungi utapata 90 na wewe utadhani umejaa. Upepo hauhami kwa kupenda. Unatoka kwenye presha kubwa kwenda ndogo, na zikilingana unakaa. Bana kichwa cha mpira kwenye valvu mpaka kisilie pembeni. Simama ubavuni, uso usiwe juu ya geji. Sikiliza. Mwanzo upepo unaingia kwa kishindo, kisha mlio unapungua, unakuwa kama mtu anayepumua usingizini, halafu unakatika. Fundi mzuri anajua mtungi umejaa kabla hajatazama geji.

Gusa ubavu wa mtungi, utaukuta wa uvuguvugu. Upepo ukishindiliwa unapata joto, jambo ambalo kila mtoto aliyewahi kupiga pampu ya baiskeli analijua kwa vidole vyake. Ndiyo maana ukiujaza hadi 125 ukarudi baada ya nusu saa, geji inasoma 119 au 120. Hapo wengi wanasema mtungi unavuja. Huenda hauvuji, umepoa tu. Ukitaka kuwa na hakika, chukua maji ya sabuni na sifongo, upake kwenye kila maungio. Povu likikua, hapo ndipo panapovuja. Usitumie kiberiti, usije ukanicheka: nimeshaona kiberiti.

Joto lina upande wake wa pili, nao ni mbaya zaidi. Mtungi uliojazwa psi 125 alfajiri nyuzi 25, ukafungiwa kwenye buti la gari jeusi lililoegeshwa juani mpaka ndani kukafika nyuzi 60, utasoma psi 140 bila mtu kuugusa. Ndiyo maana mimi, kwa jua hili letu, mtungi wa safari naujaza 110 na kuishia hapo. Ule upungufu haumaanishi kitu, kama mtakavyoona sasa hivi.

Hoja ya tatu: hesabu ya matairi

Mtu ananunua mtungi kwa sababu ya siku moja: gari limekaa chini, gereji iko mbali, na jua linazama. Je, mtungi utatosha? Watu wanabahatisha, na hakuna haja. Ukumbuke kitu kimoja tu: upepo ulio chini ya presha ya tairi haukusaidii. Mtungi ukishuka hadi 32 na tairi linataka 32, kila kilichobaki ndani ni mzigo.

Tairi la gari dogo lina nafasi ya lita 30 hivi. Likiwa limelala kabisa, kulijaza hadi psi 32 linataka lita 65 au 70 za upepo wa kawaida. Mtungi wangu wa lita 40 unaweza kutoa lita 250 kabla haujalingana nalo. Kwa hiyo unajaza matairi matatu yaliyolala, na mtungi wa lita 20 unajaza moja na nusu. Kama tairi limepungua tu, kutoka 32 hadi 22, mtungi huo wa lita 40 utazungukia matairi kumi au zaidi. Pikipiki, nyinyi vijana wa bodaboda mnaoandika kwenye simu badala ya kunisikiliza, tairi lenu lina lita 6 au 7 tu. Mtungi mdogo wa lita 20 utawahudumia watu saba wa kijiwe kimoja wakiwa wamekaa chini wote.

Lori ni habari nyingine. Hapa Msamvu nimemwona dereva, mtu mzima mwenye busara zake, akijaribu kunusuru tairi la nyuma la semi-trela kwa mtungi kama wangu. Tairi lile lina nafasi ya lita 150 na linataka psi 100 na zaidi. Unganisha mtungi wa lita 40 uliojaa na tairi hilo tupu, vitalingana kwenye psi 26. Dereva alisikiliza upepo ukiingia, akatabasamu, mlio ukakatika, akapiga tairi teke, halafu akakaa chini kando ya barabara. Sikuwa na la kumwambia, ila hesabu hii. Lori linabeba upepo wake mwenyewe wa breki. Huo ndio wa kuutumia kuongezea tairi lililopungua, kwa mpira wa kuunganishia, injini ikiwa inanguruma. Na tairi la lori lililolala kabisa, hasa la ringi ya vipande, lisijazwe nje ya kizimba cha chuma cha usalama.

Funga mtungi kwa mkanda ndani ya gari. Fungua koki taratibu, kwa sababu mpira usiobanwa unachapa. Pima tairi kwa geji nyingine, kwani ya mtungi inakuambia habari za mtungi. Haya mnayajua, naendelea.

Hoja ya nne: mtungi wa upepo ni mtungi wa maji

Sasa turudi kwa bibi na mtungi wake wa maji.

Hewa ya pwani ni hewa iliyolowa. Dar es Salaam au Tanga wakati wa masika, nyuzi 30, nguo haikauki kwenye kamba, na kila lita 1000 za hewa zinabeba karibu gramu 24 za maji yasiyoonekana. Kompresa inaivuta hewa hiyo, inaibana iwe sehemu ndogo ya nafasi yake ya mwanzo, inapoa, na maji hayana pa kukaa hewani. Yanashuka. Kompresa inayovuta lita 10,000 kwa siku, jambo la kawaida kabisa kwenye gereji yenye kazi, inabakiwa na glasi nzima ya maji ndani ya tenki lake. Kila siku. Hatukuyamwaga sisi, wala hayakuvuja kutoka paani. Na upepo unaotoka hapo kwenda kwenye mtungi wako wa kubebea unaondoka umelowa, unafika kwenye chuma cha baridi usiku, unaacha na wenyewe matone yake.

Nendeni leo mkafungue koki ya chini ya kompresa iliyokaa mwezi mzima bila kufunguliwa. Kwanza itasita. Kisha itatema kitu cha rangi ya chai ya maziwa, kizito, chenye harufu ya oili iliyochacha. Hiyo ni kutu, maji na oili vikiwa vimepikwa pamoja. Kikombe cha kwanza kikishatoka mtaona chembechembe nyekundu chini yake kama unga wa ulezi. Chembe hizo zilikuwa ukuta wa tenki.

Mabaya ya kutu hii ni kwamba inakula chini na ndani, mahali jicho halifiki. Nje mtungi umepakwa rangi nyekundu, kibati kinang'aa. Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Sijui walikuwa wanamsema nani, lakini mtungi wa upepo unaingia humohumo. Chuma kilichoanza na unene wa milimita 2 au 3 hakikuambii kimebakiza moja. Geji inasoma 125 kama ilivyosoma mwaka jana, na zile tani 6 zinasukuma vilevile.

Mnauliza, sasa fundi afanye nini, apasue mtungi atazame? Yapo ya kufanya. Kompresa, fungua koki ya chini kila jioni, tenki likiwa na upepo kidogo wa kusukumia maji. Mtungi wa kubebea usio na koki ya chini, toa upepo wote, ugeuze kichwa chini huku koki wazi, uache usiku kucha, angalau mara moja kwa mwezi. Ukiutikisa ukasikia mchanga ndani, umeshaanza kuliwa. Ukiona kiputo cha rangi chini ya tumbo, au kitone cha maji mahali pasipo na maungio, usiupeleke kwa mchomeleaji. Utoe upepo, uutoboe kwa drili, uuze chuma chakavu. Najua una bei yake. Najua pia mchomeleaji ni shemeji yako na atakufanyia bure. Chuma kilichochakaa hakishiki moto wa kuchomelea. Unaziba tundu na kufungua matundu matatu pembeni yake.

Wenye uwezo wapimishe mitungi yao kwa maji. Wengi wanashangaa: kwa nini maji, kumbe maji ndiyo adui? Kwa sababu maji hayabaniki. Mpimaji anaujaza mtungi maji tele, anapandisha presha juu ya ile ya kazi, na ukipasuka unapasuka kwa mchirizi, si kwa mlipuko. Nguvu ya kurusha gari haimo, kwa kuwa hakuna kilichobanwa. Kwa ajili hiyo, ndugu zangu wanafunzi, asiwepo mtu humu atakayepima mtungi mbovu kwa kuuongezea upepo ili "aone kama utahimili".

Hoja ya tano: mitungi ya kuunga

Hapa nitasema lililonikuta, na gereji nitaiacha bila jina kwa sababu mwenyewe bado yu hai na tunasalimiana.

Nilikuwa kijana wa kazi. Kompresa yetu ilikuwa mota ya friji iliyofungwa kwenye mtungi mwembamba wa gesi ya friji, ile mitungi ya mafundi wa eya kondishena inayotupwa ikiisha. Tulijivunia sana. Haikupiga kelele, ilikula umeme kidogo. Haikuwa na swichi ya kukata yenyewe. Mmoja wetu ndiye aliyekuwa akitazama geji na kuchomoa waya. Siku hiyo mtazamaji alikwenda kuchukua maandazi. Foleni ilikuwa ndefu. Mtungi ulipasuka kitako, ukaruka wima, ukatoboa bati, ukaangukia uwanja wa jirani. Kitako chenyewe tulikikuta kimebandikana na sakafu kama chapati. Maandazi yalimwokoa mwenzangu, na mimi niliokolewa na gari lililokuwa katikati yetu. Mwenye gereji alikata pesa ya bati kwenye mishahara yetu.

Mitungi ile imetengenezwa itumike mara moja na kutupwa. Ukuta wake ni mwembamba kwa makusudi, na gesi yake ilikuwa kavu, haikuwahi kukutana na maji ya Tanga. Mtungi wa gesi ya kupikia una ukuta mnene zaidi, na ndio unaowadanganya watu. Lakini nao haukukusudiwa kubeba upepo mbichi, hauna koki ya kutolea maji, na gesi iliyobaki ndani ikichanganyika na upepo ulioshindiliwa, mmejitengenezea bomu linalosubiri cheche. Wenye oksijeni ya kuchomelea nao: msijaze mtungi wala tairi kwa oksijeni hata siku moja. Oksijeni ya presha ikikutana na oili haihitaji kiberiti.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003. Kenya ina ya kwao ya mwaka 2007. Vyombo vya presha ni vya kukaguliwa. Nimesikia mafundi wakilalamika kwamba mkaguzi anakuja kutafuta faini. Huenda. Lakini hata mkaguzi mbaya akikuuliza mtungi huu una umri gani, ni swali zuri, na wengi wetu hatuna jibu.

Hoja ya sita: mwili wa mtu

Hii ni fupi. Msipulizane. Vumbi la shati lifutwe kwa mkono. Upepo wa presha unapenya kwenye kidonda na kuingia kwenye damu, unang'oa jicho, na ule mzaha wa vijana wa kumpuliza mwenzao kwa nyuma umepasua matumbo ya watu, madaktari wa nchi mbalimbali wameuandika miaka nenda miaka rudi. Anayeuanzisha gereji kwako, mfukuze siku hiyohiyo.

Wala upepo huu si wa kupumulia. Wazamiaji kule Zanzibar wanabeba mitungi ya lita 11 au 12 iliyojazwa hadi baa 200, karibu psi 2,900, lakini kompresa zao zina vichujio maalumu. Ya kwetu inapitisha moshi wa oili na wa bodaboda iliyoegeshwa pembeni ya kichujio. Mtu asishuke kwenye shimo la choo au kisima kwa kutegemea mtungi wa matairi.

Ndugu Mwenyekiti, namaliza kwa kutazama mbele kidogo. Pampu ndogo za betri zimeshafika madukani, za ukubwa wa chupa ya maji, na vijana wananiuliza kama mtungi umekufa. Kwa bodaboda mmoja, labda. Lakini pampu hizo zinajaza taratibu na zinapata moto, na betri ikiisha kule hifadhi ya Mikumi hakuna wa kukuchajia isipokuwa nyani. Mtungi hauhitaji chaji. Utakuwa nasi miaka mingi, na mingi kati ya hiyo mitungi itakuwa ya mkono wa pili, iliyopakwa rangi mpya.

Basi nina maombi mawili. Walimu, mtungi mmoja uliokwisha upasuliwe katikati kwa msumeno na uwekwe darasani, wanafunzi waone tumbo lake; picha ya kitabuni haitoshi. Na nyinyi wenye gereji, kila mtungi uandikwe kwa rangi nyeupe mwaka ulionunuliwa. Miaka kumi ijayo atakuja kijana asiyewajua, ataubeba, ataukalia, na atahitaji kujua umri wake.

Kompresa zenu zimepumzika tangu asubuhi kwa ajili ya mkutano huu. Kesho kabla hamjaziwasha, fungueni koki ya chini mkinge kikombe.